Mtoto wa Meza

Katuba, mwezi wa pili, mvua haijui kwake.
Kabati fupi la Mama Mujinga lilikuja kwa mkokoteni,
limeviringishwa blanketi kama mgonjwa,
miguu minne imepinda magoti,
kila mguu na kiatu chake cha shaba.
"Fundi Kapend, yule mtoto wa tatu hataki kutoka.
Shuka za harusi ya binti yangu zimo tumboni."

Mimi nilishika tochi.
Umeme ulikuwa umekwenda tangu Jumanne,
nilikuwa na miaka kumi na miwili
na kazi yangu ilikuwa kumulika na kunyamaza.

Mama akasimulia: ni la wafalme wa Ulaya,
la karne ya kumi na nane,
mhandisi wa mgodi alilileta kwa meli na treni,
akaliacha siku ya kukimbia,
marehemu mume wangu akalipata kwa magunia mawili ya unga.
Kapend hakubisha, hakukubali.
Alipokwisha kwenda, akasema:
"Wafalme hawashiki randa."

Akapaka sabuni mfereji,
akagonga ubavu kwa kiganja, akasikiliza,
akagonga tena chini kidogo,
na mtoto akatoka taratibu, akilia,
na harufu ya nondo, nta, na kitu kingine
ambacho hadi leo sijakipatia jina.

Pembeni, mbao zilikuwa zimeumana bila msumari,
mikia ya njiwa ndani ya mikia ya njiwa.
Alizihesabu kwa ukucha.
Wa kwanza safi. Wa pili safi. Wa tano umekwenda upande.
Akacheka peke yake.
"Huyu siku hiyo alikuwa na njaa."
"Nani?"
"Mwenzangu."

Usoni mwa kabati, maua:
ubao mwembamba kama ganda la kitunguu,
mwekundu, wa manjano, mweusi, umekatwa ukapachikwa.
Ua moja lilikosa jani lake.
Kapend akachimba kwenye sanduku la vipande
akatoa mukula, mti unaotoka damu ukikatwa,
ule ule ambao malori huusomba usiku kwenda Kasumbalesa
wakati sisi tunajifanya tumelala.
"Hata mwekundu huu wa zamani," akasema,
"haukuota uani kwa mfalme.
Aliyeukata alikuwa anatoka jasho mahali fulani."

Na dhahabu ya vile viatu?
Bruda wa shule ya ufundi alimfundisha zamani:
waliipaka kwa zebaki, wakaichoma,
zebaki ikapanda moshi, dhahabu ikabaki,
na moshi ukaingia kwa mtu.
Alisema hivyo tu.
Kisha akageuza uso upande lilipo bomba refu la kiwanda,
ambalo gizani halionekani,
ambalo chini yake baba yake alikula mshahara
na kikohozi.

Ndipo akampindua mtoto kifudifudi.
"Leta mwanga."
Chini, pasipopigwa randa sawasawa,
pasipotazamwa na mwenye mali wala mgeni wake,
palikuwa na mistari ya penseli:
minne imesimama, wa tano umeikata,
minne imesimama, wa tano umeikata,
halafu mitatu, halafu basi.

Nikasema, anahesabu siku.
Kapend akanyanyua kidole kuonyesha ukuta wetu wa matofali,
pale nyuma ya mlango, mkaa juu ya chokaa:
kitanda cha katekista, minne na wa tano;
madawati ya shule, minne na wa tano, minne na wa tano.
"Huyu," akasema, "alikuwa anadai."

Usiku ule hatukula mapema.
Alikata jani la mukula mara tatu, mawili akayatupa,
la tatu akalibandika kwa gundi ya moto,
akaliwekea tofali juu na kitambaa chini ya tofali.

Asubuhi Mama Mujinga akaja, akavuta, akafurahi,
akabusu shuka zake.
"Pesa, fundi wangu, mwisho wa mwezi. Baada ya harusi."
"Hakuna shida, Mama."

Alipotoka kumwita kijana wa mkokoteni,
Kapend akamtoa mtoto mara nyingine,
akampindua,
akalamba ncha ya penseli,
na chini ya mistari mitatu ya yule mwenzake,
kwa nafasi ya kidole kimoja,
akachora mmoja.